Anayelipa Kosa Ndiye Akague Hesabu

Tarehe 2 Julai 1992 serikali ya Kanada iliufunga uvuvi wa chewa wa kaskazini katika pwani ya Newfoundland na Labrador. Huyo si chewa wetu wa miambani. Ni samaki wa maji baridi ambaye kwa karibu miaka mia tano alilisha watu wa pande mbili za Atlantiki. Waziri wa Uvuvi na Bahari, John Crosbie, mwenyewe mzaliwa wa Newfoundland, alisema uvuvi ungefungwa kwa miaka miwili ili samaki wapate kuzaliana. Kwa tangazo hilo moja watu wapatao 30,000 walipoteza kazi, katika jimbo ambalo wakazi wake wote hawakufika laki sita. Miaka miwili ikapita, ikapita kumi, ikapita thelathini. Uvuvi mdogo uliruhusiwa kwa vipindi, lakini marufuku yenyewe iliondolewa rasmi mwaka 2024.

Wengi hukisimulia kisa hiki kama kisa cha tamaa, na tamaa ilikuwapo, tena nyingi. Lakini bahari ile haikuwa shamba la bibi. Ilikuwa na wizara, wanasayansi waliosoma, meli za utafiti, sheria, na kikomo cha kuvua kilichowekwa kila mwaka. Samaki waliisha huku wakihesabiwa. Ndiyo maana kisa hiki kinatuhusu sisi wa mwambao wa Afrika Mashariki, ambao sasa tunaambiwa kwamba tukishakuwa na takwimu bahari yetu itakuwa salama. Newfoundland walikuwa nazo. Kilichowaponza ni nani aliruhusiwa kuzigusa.

Tuanzie mbali kidogo. Baada ya John Cabot kufika maji yale mwaka 1497 akiwa ametumwa na mfalme wa Uingereza, habari za wingi wa chewa zilienea Ulaya. Wareno, Wafaransa, Wabasque na Waingereza walimfuata. Samaki alipasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa upeponi kama ng'onda, kisha akauzwa mbali. Vijiji vilijengwa kwenye kila ghuba. Wavuvi wa vijiji hivyo walitumia mashua, mishipi, jarife na nyavu kubwa za kutega karibu na ufuo, wakivua wakati wa kiangazi chewa alipoingia ghubani kuwafuata samaki wadogo waitwao kapelini. Kwa mtindo huo, hadi katikati ya karne ya 20, mavuno ya mwaka mara chache yalizidi tani 300,000.

Kuanzia miaka ya 1950 zikaja meli kubwa zenye viwanda ndani yake, kutoka Uingereza, Hispania, Ureno, Ujerumani, Umoja wa Kisovieti na kwingineko. Zilikokota nyavu kwenye maji ya kina, hata wakati wa baridi kali, pale chewa wanapokusanyika kutaga. Mwaka 1968 zilivuliwa tani zipatazo 800,000. Miaka kumi baadaye mavuno hayakufikia hata moja ya tano ya kiasi hicho.

Mwaka 1977 Kanada ilitangaza mamlaka yake hadi maili 200 za baharini na kuzisukuma nje meli za kigeni. Watu wa Newfoundland walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Serikali iliahidi kuvua kwa kiasi: kila mwaka ingetolewa karibu moja ya tano tu ya samaki waliofikia kuvuliwa, wengine wabaki wakue na kuzaa. Sera hiyo ilikuwa nzuri kwenye karatasi. Ila ili ujue moja ya tano ya kitu, sharti ujue kitu chenyewe ni kiasi gani, na hapo ndipo mkasa ulipoanzia.

Wanasayansi wa wizara walitegemea vipimo viwili vya wingi wa samaki. Kimoja kilitoka kwenye meli ya utafiti, iliyotupa nyavu zake mahali palipochaguliwa kwa kubahatisha ili bahari yote iwakilishwe. Cha pili kilitoka kwenye meli kubwa za biashara, ambazo sasa nyingi zilikuwa za Kanada yenyewe: kwa saa moja ya kukokota wavu, meli imepata kilo ngapi? Mavuno ya wavuvi wadogo wa ghubani yalijumlishwa katika tani zilizovuliwa, lakini hayakutumika kupima wingi. Ilionekana kwamba mitego yao ni ya namna nyingi mno, na kwamba samaki wa ghubani hutegemea sana hali ya maji ya mwaka husika.

Kipimo cha pili kilikuwa na kasoro ambayo nahodha yeyote angeweza kuieleza kama angeulizwa. Chewa hatawanyiki baharini kwa usawa. Hukusanyika, na hata wakibaki wachache huendelea kukusanyika. Meli yenye mitambo ya sauti ya kutafutia samaki haipotezi saa zake mahali patupu. Huenda moja kwa moja kwenye kundi lililobaki. Kila mwaka manahodha walizidi kuyajua makundi yalipo, na mitambo ilizidi kuwa mizuri. Kwa hiyo kilo kwa saa hazikushuka, hata pale bahari ilipokuwa inakauka. Meli ya utafiti ilionyesha picha ya mashaka zaidi, namba zake zikipanda na kushuka, na wakadiriaji wakatafuta njia ya kati baina ya vipimo viwili ambavyo havikukubaliana.

Huko ghubani mambo yalikuwa mengine. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 wavuvi walikuwa wakisema kwamba samaki wamepungua na wamekuwa wadogo, na kwamba mtu analazimika kuongeza nyavu na kwenda mbali zaidi ili apate kile alichozoea kukipata. Mabaharia wa meli kubwa nao walijua jambo ambalo halikuandikwa katika daftari la meli: samaki wadogo walitupwa baharini wakiwa wamekwisha kufa, ili nafasi ibaki kwa wakubwa wenye bei. Samaki hao walikufa bila kuingia katika hesabu yoyote. Ujuzi huu wote ulikuwapo, kwa watu wenye majina na makazi, lakini jedwali la wizara halikuwa na safu ya kuuandikia.

Jibu walilopewa wavuvi wadogo mara nyingi lilikuwa kwamba maji yamekuwa baridi, samaki wamebadili njia, huko nje wako tele. Jibu hilo halikuwa uongo mtupu. Maji yalikuwa baridi kweli katika baadhi ya miaka, na hadi leo wataalamu hubishana juu ya mchango wa baridi katika maangamizi yale. Lakini lilikuwa jibu lisiloweza kupimwa na aliyeambiwa.

Mwaka 1986 chama cha wavuvi wa ghubani kilichoka kusubiri. Kiliwapa kazi wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Memorial mjini St. John's kuzipitia nyaraka za wizara. Watu hao hawakuwa na meli ya utafiti wala chombo cha ajabu. Walikuwa na namba za serikali yenyewe na muda wa kuzisoma bila kuogopa mkubwa wa kazi. Wakaona kwamba wizara ilikuwa ikikadiria samaki kupita kiasi, na kwamba wanaovuliwa ni wengi kuliko ilivyodhaniwa. Serikali iliunda jopo. Jopo likakiri kwamba makadirio yalizidi, lakini halikupiga kengele ya hatari. Kikomo cha kuvua kikaendelea kukaa juu.

Mwanzoni mwa 1989 wanasayansi wa wizara wenyewe, wakiwa na takwimu mpya, waligundua kwamba kwa miaka mingi samaki walikuwa wakivuliwa kwa zaidi ya mara mbili ya kiwango kilichoahidiwa. Kwa haki yao lazima isemwe kwamba walikiri. Walishauri kikomo cha mwaka huo kiwe tani 125,000. Serikali ikaweka 235,000. Jopo jingine, chini ya Leslie Harris, mkuu wa Chuo Kikuu cha Memorial, lilitoa ripoti yake mwaka 1990 na kutaka kiwango cha kuvua kishushwe mara moja. Hatua zikachukuliwa polepole, kila mara nyuma ya samaki. Kufikia katikati ya 1992 chewa wa kaskazini waliofikia umri wa kuzaa walikuwa wamepungua kwa zaidi ya asilimia 90 kulinganisha na miaka ya 1960.

Viwanda vya samaki vilifungwa. Serikali ilitoa mabilioni ya dola za msaada na mafunzo ya kazi nyingine, lakini fedha haikuweza kumrudishia mtu wa ghuba kazi aliyofundishwa na baba yake. Sensa ya 1991 ilihesabu zaidi ya watu 568,000 katika jimbo lile. Ya 2001 ilihesabu chini ya 513,000. Vijana walihama, na vijiji vingi vilibaki na wazee.

Mwaka 1997 wanasayansi watatu, Jeffrey Hutchings, Carl Walters na Richard Haedrich, walichapisha makala iliyouliza kama uchunguzi wa kisayansi unaweza kuishi pamoja na udhibiti wa habari serikalini. Walidai kwamba mashaka ya watafiti yalichujwa kabla ya kuwafikia wananchi, na kwamba kilichotolewa nje kilikuwa na uhakika kuliko kilichojadiliwa ndani. Wizara ilipinga vikali. Hata tukiuacha ubishi huo, tarehe hazibishaniwi: kutoka malalamiko ya kwanza ya wavuvi hadi marufuku ilipita takriban miaka kumi. Ushahidi wa kosa ulikuwapo muda wote huo.

Funzo kuu la kisa hiki ni kwamba kosa la hesabu hutafutwa kwa bidii na yule litakayemuumiza. Mkadiriaji aliyekosea katika ofisi ya St. John's aliendelea kupata mshahara. Waziri aliyeweka kikomo cha juu alijiokoa na kelele za mwaka ule. Mvuvi wa ghubani ndiye aliyelipa, na ndiye pekee ambaye hakuwa na uwezo wa kuifungua hesabu na kuisahihisha. Simwambii mtu kwamba wanasayansi ni wabaya. Wengi wao walifanya kazi kwa uaminifu kabisa, na hilo ndilo linalotisha: uaminifu wa waliomo ndani hautoshi. Namba inayokaguliwa na walioitunga peke yao huzeeka na kosa lake. Haki ya kukagua ni ya anayelipa, na hapewi kama hisani.

Tuitazame sasa pwani yetu. Kenya na Tanzania Bara zina vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, na Zanzibar ina kamati za wavuvi za shehia. Kwenye madiko mengi kuna mtu anayeandika: chombo gani, wavu gani, samaki gani, kilo ngapi. Fomu au ujumbe wa simu hupanda kwenda wilayani au kaunti, halafu wizarani. Uliza dikoni namba hizo zilirudi lini zikiwa zimejumlishwa, zimelinganishwa na za mwaka jana na kuelezwa kwa Kiswahili cha watu. Mvuvi anayetoa habari kila siku asirudishiwe kitu hujifunza mawili: kwamba habari zake hazina thamani, au kwamba zinatumiwa dhidi yake. Akishafika hapo ataandikisha chochote kinachompunguzia usumbufu. Takwimu zenyewe zitaoza, na tutakuwa tumejenga Newfoundland yetu.

Kanada ilijifunza kwa gharama. Mwaka 1993 liliundwa baraza la uhifadhi wa rasilimali za uvuvi, ambamo wanasayansi na watu wa uvuvi walikaa meza moja, wakasikiliza watu kwenye mikutano ya hadhara na kumshauri waziri waziwazi. Mwaka 1995 ulianza mpango ambamo wavuvi wenyewe, baada ya mafunzo, hutega nyavu mahali pale pale kila msimu, hupima samaki na kuandika, na namba zao huingia katika makadirio rasmi. Ujuzi ambao zamani uliitwa maneno ya wavuvi ukapata safu yake katika jedwali. Lilikuwa jambo jema, ila lilikuja samaki wakiwa wamekwisha. Sisi tunaweza kulifanya wangali wapo.

Wala hatuanzi na mikono mitupu. Unguja na Pemba zina vijiji vinavyofunga mwamba wa pweza kwa miezi kadhaa, mtindo uliopata sifa huko Andavadoaka, Madagaska, tangu 2004. Siku ya kufungua, pweza hupimwa mbele ya kila mtu. Wanawake wanaotembea mwambani maji yakitoka, ambao katika mikutano mingi ya uvuvi hukaa nyuma au hawaitwi, ndio wajuao pango lipi lina pweza na lipi limehamwa. Mizani ikiwa hadharani ubishi hupungua, kwa sababu kila aliyevuta subira anaona subira yake imekuwa kilo ngapi. Hizo ni takwimu huria katika umbo lake lililo bora: zimekusanywa na wenyewe, zimeonekana na wote, na uamuzi wa kufunga tena unatokana nazo.

Kinachobaki ni kuupeleka moyo huo juu, hadi ngazi ya taifa. Meli kubwa zinazovua jodari katika maji yetu ya kina zinawahusu wavuvi wa ngalawa vilevile. Nani ana leseni, kwa ada gani, anavua wapi, ameteremsha tani ngapi? Mwaka 2017 Indonesia ilikuwa nchi ya kwanza kuruhusu mienendo ya meli zake za uvuvi, iliyokuwa siri ya serikali, ionekane na yeyote duniani kwenye ramani ya intaneti. Jirani zetu wa Ushelisheli walikuwa wa kwanza mwaka 2021 kutoa ripoti ya taifa chini ya mpango wa kimataifa wa uwazi katika uvuvi, ikieleza kipi serikali inakichapisha na kipi bado. Hakuna iliyopoteza mamlaka juu ya bahari yake kwa kufanya hivyo.

Sheria zipo. Ibara ya 35 ya Katiba ya Kenya inampa raia haki ya habari zilizo mikononi mwa dola, na Kenya na Tanzania zote zilitunga sheria ya kupata habari mwaka 2016. Lakini mwaka 2018 Tanzania ilirekebisha Sheria ya Takwimu na kuzuia uchapishaji wa takwimu zinazopingana na zile rasmi, kabla ya kulegeza masharti hayo mwaka 2019. Msomaji na alipime hilo kwa kisa cha chewa. Wale wanasayansi wa Memorial wa mwaka 1986 walichapisha hasa kitu hicho: hesabu iliyopingana na ya serikali. Ndiyo iliyokuwa sahihi zaidi.

Hata hivyo, kufungua namba peke yake hakutoshi, na hapa wapenzi wa takwimu huria tuwe waangalifu. Nyaraka za wizara ya Kanada zilisomeka, zikasomwa, kosa likaonekana, na bado ilipita miaka sita. Hakukuwa na mtu aliyelazimika kujibu. Takwimu zinazowekwa wazi bila wajibu wa kujibu humwachia mwananchi uchungu wa kuona akiwa hana la kufanya. Sera ya bahari inayodai kuwashirikisha watu iseme wazi: pingamizi lenye ushahidi kutoka dikoni litajibiwa kwa maandishi, na nani, ndani ya siku ngapi, na kikomo kisitangazwe kabla ya jibu hilo kutoka.

Uwazi una mipaka yake pia. Mvuvi aliyeonyesha mahali hasa pa mwamba wake, kisha akaona ramani hiyo mikononi mwa watu wa mbali wenye vyombo vikubwa, hatarudi kusema tena. Jumla ya kilo za kijiji iwe ya wote. Chimbo la mtu libaki lake. Na uwazi huo utubane na sisi. Mwamba ngoma huvutia kwake, na mvuvi si malaika. Yupo anayeficha kilo ili akwepe ushuru, yupo anayetumia wavu wa matundu madogo usiku na kulalamika asubuhi kwamba samaki wameisha. Mvuvi mmoja huiona ghuba yake tu, asijue ya jirani. Meli ya utafiti inaona bahari pana asiyoiona yeye. Kila upande una upofu wake, na ndiyo sababu hesabu mbili zinapaswa kuwekwa ubavu kwa ubavu, mbele ya watu, hadi zielewane au ijulikane kwa nini hazielewani.

Basi, ewe unayeishi kwa bahari, usisubiri sera mpya. Mwandishi wa takwimu akija dikoni, mpe habari za kweli, kisha muulize maswali matatu, na uyapeleke maswali hayo hayo kwenye kikao cha BMU, cha shehia na cha kaunti. Hesabu ya mwaka jana iko wapi? Nani nje ya ofisi yenu ameikagua? Tukiona kosa, nani atatujibu, na lini? Kiongozi asiye na majibu ya maswali hayo bado hajawa tayari kumwekea mtu mwingine kikomo cha samaki, wala kumwambia bahari ina afya. Watu wa Newfoundland waliyauliza mapema, wakaambiwa watulie. Sisi tuyaulize kwa pamoja, kwa maandishi, na tusitulie hadi tujibiwe.